Mbio za timu kilomita 160: zamu yako ya mbele isiwaue wenzako

Mkuu, umeuliza kama wiki 12 zinatosha kujiandaa kwa mbio za baiskeli za timu barabarani, kilomita 160, watu sita, saa inasimama wa nne akivuka mstari. Umesema mpango wako ni kuongeza kilomita kila wiki. Muda unatosha, mradi sasa hivi unamaliza kilomita 80 bila kuumia. Ila mpango huo wa kuongeza kilomita tu ndio nilioufuata mimi msimu wangu wa kwanza, na naomba nikusimulie ulinifikisha wapi.

Siku ya mbio nilikuwa na miguu mizuri kuliko wenzangu wote watano. Nilizoea kuendesha peke yangu masaa manne, matano, alfajiri hadi jua linapanda. Basi kila zamu ya kuvuta, yaani kukaa mbele na kuwakatia wenzako upepo, iliponifikia, nilikaza. Sikuwa najionyesha, niliamini kabisa kwamba naisaidia timu. Tunakwenda kilomita 36 kwa saa, nikishika mbele mimi tunafika 39. Sasa mfikirie yule aliyetoka kuvuta muda huohuo. Anashuka kurudi mkiani, pumzi bado haijamrudia, anakuta gurudumu la mwisho linamkimbia. Inabidi alifukuze wakati ule ule aliopaswa kupumzika. Kilomita ya 95 tulimwacha wa kwanza. Ya 110 tukamwacha wa pili. Kuanzia hapo hatukuruhusiwa kupoteza mtu tena, na kilomita 50 zilizobaki nilizimaliza nikimngoja mwenzetu wa nne kwenye kila mwinuko. Uso wake siku ile bado ninao.

Nilipokaa chini kupiga hesabu ndipo nikaelewa. Kwenye tambarare, kwa kasi hizo, sehemu kubwa ya nguvu yako inaishia kupasua hewa, na nguvu hiyo hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi. Kutoka 36 kwenda 39 ni nyongeza ya asilimia 8 tu ya mwendo, lakini hewa inakudai nguvu zaidi kwa robo nzima na ushee. Aliyejificha vizuri nyuma ya mwenzake anaokoa robo hadi theluthi ya nguvu yake. Kwa hiyo mkazo wangu ulikuwa unamnyang'anya mtu wa mkiani akiba yote ambayo timu ilimwekea.

Ndiyo maana nasema kitu cha kwanza cha kufundisha mwili wako ni kushika zamu bila kasi kubadilika. Kabla aliye mbele hajatoka, tazama mita ya mwendo, ishike namba hiyo kichwani, ivute hiyohiyo. Mwenye nguvu zaidi avute kwa muda mrefu zaidi, dakika nzima au mbili, asivute kwa kasi zaidi. Aliyechoka avute sekunde 15 atoke, na asione haya. Ukishatoka, legeza kidogo ushuke, kisha anza kukanyaga tena kabla gurudumu la mwisho halijakupita, ili udake mkia bila kuruka. Kwenye mwinuko sahau namba ya kasi: linda nguvu isipande, acha mwendo ushuke wenyewe. Upepo wa ubavuni ukitoka kushoto, kinga iko kulia ya aliye mbele yako, nyuma kidogo, kwa hiyo mstari unakuwa wa mshazari. Hiyo fanyeni pale tu barabara imefungwa kwa magari. Na gurudumu lako la mbele lisiingie kamwe ubavuni mwa gurudumu la nyuma la mwenzako. Akiyumba, anayeanguka ni wewe.

Haya hujifunzi ukiwa peke yako. Kuanzia wiki ya nne tokeni pamoja angalau mara moja kila wiki, na kazi ya kupiga kelele apewe wa mkiani, maana ndiye wa kwanza kuhisi mstari unakatika. Mazoezi yako binafsi yawe matatu. Safari moja ndefu, kutoka masaa matatu hadi matano, kwa mwendo unaokuruhusu kuongea sentensi kamili. Siku moja ya dakika 20 mara mbili, baadaye mara tatu, karibu na kiwango unachoweza kukishikilia saa nzima. Na siku moja ya kuiga zamu: dakika moja ya kuvuta, dakika nne za kukanyaga kwa utulivu, mara 8 hadi 10. Kila wiki ya nne punguza theluthi ya kazi. Siku 10 za mwisho fupisha safari, lakini ukali wa vipande vifupi usiuondoe.

Kula ni mazoezi pia. Akiba ya wanga mwilini haiwezi kukufikisha kilomita 160 kwa mwendo wa mashindano, hivyo anza kula ndani ya nusu saa ya kwanza, gramu 60 za wanga kwa saa, na tumbo likizoea panda hadi 90. Kula ukiwa mkiani, si ukiwa wa pili unakaribia kuvuta.

Kuna jambo moja nalichukulia kwa uzito mkubwa. Mbio za muda za timu za kilomita 100 zilikuwepo kwenye Olimpiki ya Roma mwaka 1960. Timu ya Denmark ilipoteza mtu mmoja mapema, hivyo watatu waliobaki ilibidi wafike wote. Knud Enemark Jensen alipoanza kulegea kwenye joto kali, wenzake walimshikilia barabarani ili aendelee. Baadaye alianguka, akapasuka fuvu, akafariki siku hiyohiyo. Kwa hiyo mkubaliane mapema neno moja la kusema "nimeisha", na akilitamka yeyote, mwendo ushuke papo hapo bila mjadala. Akipata kizunguzungu au baridi wakati jua ni kali, anashuka kwenye baiskeli, hata kama muda wa timu unafutwa.

Safari yenu ya kwanza ya pamoja, mweke mwenye kifua kidogo kuliko wote nyuma ya mwenye mwili mpana, endesheni masaa mawili kwa zamu, kisha muulize yeye kwanza ni mara ngapi alilazimika kufukuza mkia, na ni nani alikuwa mbele kila mara. Ukilisikia jina lako, usijitetee. Wiki inayofuata toka ukavute taratibu.