Mama mkwe hajakuvunjia ndoa, mwanangu

Shikamoo Shangazi. Mimi ni baba wa watoto wawili, naishi Buhongwa hapa Mwanza, nina duka la vifaa vya simu na uwakala wa pesa. Mwaka juzi nilianza kuweka akiba kwenye kripto, zile sarafu za kidijitali, kupitia soko moja la mtandaoni. Mimi mwenyewe nilianza na milioni 3, ikawa inakua, mpaka ikafika milioni 11 pamoja na faida. Mwezi wa tatu mwaka huu soko likazuia watu kutoa pesa, wakasema ni matengenezo, baadaye wakatangaza kufilisika. Pesa zangu zote zimekwenda. Mke wangu anauza dagaa mwaloni Kirumba. Alipojua, mwezi wa tano, badala ya kunifariji akachukua watoto akaenda kwao Ukerewe, kisa milioni 4.2 za kikoba alizonipa nimtunzie, nami nikaziweka humohumo. Sinywi, sihongi, nilikuwa natafutia familia. Mama yake ndiye anayemjaza maneno, kwa sababu hata mdogo wake wa kiume aliweka kidogo, milioni 2.5, kwa linki yangu, lakini yule ni mtu mzima, aliamua mwenyewe. Sasa kuna jamaa wa Telegram anasema anaweza kuzirudisha pesa zote nikimtangulizia laki 8. Nafikiria kuikopea nyumba, nimlipe, na kinachobaki kiwe mtaji. Nifanyeje mke wangu arudi na mama mkwe aache kuingilia ndoa yetu?
Baba Wawili, Buhongwa

Marahaba, mwanangu. Pole. Pesa uliyokuwa ukiifungua kwenye simu kila asubuhi na kuiona imeongezeka, siku ikigoma kutoka inauma mpaka kwenye mifupa. Pole hiyo ni ya kweli, ipokee. Ila barua yako nimeisoma mara tatu, na mke unayemlalamikia simuoni ndani yake. Ninayemuona ni mwanamke mwingine kabisa.

Unaandika "pesa zangu zote zimekwenda". Mistari miwili mbele unataja milioni 4.2 za kikoba chake. Haya, tuchukue daftari. Milioni 11 ilikuwa pamoja na faida. Yako ni 3, ya mkeo ni 4.2, jumla 7.2. Ile 3.8 iliyobaki hakuna mkono wa mtu uliowahi kuishika, ilikuwa tarakimu kwenye kioo. Kwa hiyo katika fedha halisi zilizozama, mwenye nyingi ni yeye. Wewe umelia kwa ajili ya 11, ukamlaumu kwa kulilia 4.2 yake.

Unajua milioni 4.2 ya dagaa inapatikanaje? Unalala kitanda kimoja na mwenye kazi hiyo, lakini nitakukumbusha. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikitoka mitumbwi inapumzika na mwaloni unapooza, kwa hiyo mwezi wa mama wa dagaa haulingani na mwezi wa mwenye mshahara. Anaamka saa tisa usiku kuwahi mitumbwi. Ananunua mbichi kwa ndoo, anaanika, anageuza, anafukuza kunguru. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka, mzigo wa kuliwa na watu unageuka chakula cha kuku, na bei inaporomoka palepale akiwa anatazama. Katika hicho kinachobaki ndimo anamotoa hisa zake za kikoba kila wiki, mpaka siku ya kuvunja. Pesa hiyo akakukabidhi wewe. Neno "nimtunzie" ni lako mwenyewe, umeliandika kwa mkono wako. Hakusema "tucheze nayo", wala hukuniambia kwamba ulimuuliza.

Nimefika mahali ambapo nilivua miwani nikakaa kimya.

Soko lilifunga mwezi wa tatu. Mkeo alijua mwezi wa tano. Katikati hapo kuna miezi miwili uliyoiruka kama mtu anayeruka mtaro. Ndani ya miezi hiyo, alipokuuliza habari ya pesa yake, ulimjibu nini? Ninavyojua mimi waume, ulimwambia ipo, asiwe na wasiwasi, kuna taratibu kidogo. Sasa tazama: kampuni ilikuambia "matengenezo", na wewe ukamwambia "subiri". Kampuni ilikuzuia kutoa pesa yako, na wewe ukamzuia kutoa yake. Kampuni ilijua shimo lipo ikanyamaza, na wewe ulijua ukanyamaza, tena ukiwa unakula ugali wake. Uliyotendewa na watu usiowajua, uliyatenda ndani ya nyumba yako kwa mtu anayekufulia.

Haya hayakuanza kwako. Novemba 2022 soko kubwa la kripto lililoitwa FTX, lenye makao Bahamas, lilipoanza kuyumba, mkuu wake Sam Bankman-Fried aliwaandikia watu mtandaoni kwamba mali zao ziko salama. Siku chache baadaye, tarehe 11, kampuni ikaomba ulinzi wa kufilisika. Kumbe fedha za wateja zilikuwa zimehamishiwa kampuni yake nyingine, Alameda Research, na huko zikatumika. Machi 2024 mahakama ya Marekani ilimfunga miaka 25. Tatizo lake halikuwa hasara tu, maana wafanyabiashara hupata hasara kila siku. Alitumia cha watu alichopewa kutunza, kisha akawaambia kipo. Soma tena sentensi hiyo ukimfikiria mkeo.

Niliongee na hili la kripto lenyewe, kwa sababu nasikia vijana wengi pale Makoroboi wanasema "pesa yangu iko kwenye kripto" na hawajui iko wapi. Ukiacha sarafu zako kwenye soko la mtandaoni, wewe huna sarafu, una ahadi. Funguo wanazo wao. Ni sawa na mama anayepeleka magunia yake ya dagaa kwenye ghala la mtu na kupewa karatasi. Karatasi inasema magunia kumi. Mwenye ghala akiyauza usiku, karatasi bado inasema kumi, mpaka siku wenye karatasi wote wanapokuja pamoja na mlango unafunguliwa. Benki ya hapa ikifilisika kuna Bodi ya Bima ya Amana inayomlinda mwenye akiba kwa kiwango kilichowekwa. Ghala lako halikuwa na bodi yoyote. Benki Kuu ilitoa tangazo tangu Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini. Na wewe ni wakala wa pesa, mwanangu, kutwa nzima unawaambia wateja wasimpe mtu namba yao ya siri.

Twende kwa shemeji yako. "Ni mtu mzima, aliamua mwenyewe." Sentensi hii haina heshima. Masoko haya humlipa mtu aliyemleta mwenzake kwa linki, na kwenye barua hukuniambia ulilipwa kiasi gani. Umekaa kimya, na kimya hicho nakisikia. Kijana wa Ukerewe mwenye milioni 2.5 hakuipata kwa kubofya simu. Hakuliamini soko, maana halijui. Alimwamini mume wa dada yake, mwenye duka mjini, anayevaa vizuri akija msibani. Mchuma janga hula na wa kwao, na wewe umewalisha kweli.

Halafu unamshangaa mama mkwe! Mama huyo ana watoto wawili waliokuamini na wote wawili wamerudi mikono mitupu. Umesema anamjaza mkeo maneno. Maneno gani ya kumjaza, wakati mambo yenyewe yamejaa? Mimi ningekuwa yeye nisingenyamaza pia. Tena namsifu, kwa sababu miezi yote hiyo hajaja Buhongwa kukupigia kelele mbele ya wateja, hajakuita kwa mwenyekiti wa mtaa, hajakushtaki. Amefungua mlango, akampokea mwanawe na wajukuu, anawalisha. Huko siko kuingilia ndoa. Huko ni kuzoa kilichomwagika.

Ndoa za siku hizi zinaniogopesha jambo moja. Zamani mume alificha chini ya godoro, na mke akitandika kitanda aliona. Leo godoro ni simu, ina paswedi, na aliyelala ubavuni hajui kama mwenzake ni tajiri au ana deni. Wanaume mnasema "yangu ni yangu, yake ni ya nyumbani". Yake inanunua unga, sare na sabuni, yenu inakwenda kutafuta utajiri gizani ili siku moja mrudi na gari mlangoni mpigiwe vigelegele. Mnataka kumshangaza mke. Mke hataki kushangazwa, anataka kuulizwa. Mwaka 2009, upatu wa DECI uliposimamishwa, wangapi walikuwa wamepanda mbegu, yaani kuweka pesa humo, kwa siri na wenzao nyumbani hawakujua? Kripto na upatu si kitu kimoja, na wapo wanaonunua Bitcoin kwa akili timamu na kwa pesa wanayoweza kuikosa. Lakini siri ni ileile. Na wanawake nao, nisiwapendelee: msimkabidhi mtu akiba ya miaka miwili bila kuona daftari, hata akiwa mume. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mkeo angeniandikia yeye, ningemwambia hilo kwanza, ndipo nimpe pole.

Umejitetea kwamba hunywi wala huhongi. Ni vizuri, lakini mlevi mke wake anajua pesa imekwenda baa.

Sasa yule jamaa wa Telegram. Usimpe hata mia. Soko likianguka, watu hawa hutokea kama kunguru mwaloni, wanajua umeumia na wanajua utalipa ili usiumie. Fedha zikiwa chini ya wafilisi, hakuna kijana wa Telegram anayeingia kuzitoa. Kama kweli mahakama ya nchi lilikosajiliwa soko hilo inashughulikia, kuna njia rasmi ya kudai, na haianzi kwa kutanguliza laki 8 kwa mtu. Piga picha kurasa zote za akaunti yako, miamala na barua pepe zao, hifadhi, jaza dai lako, kisha endelea na maisha. Waliowekeza kwenye Mt. Gox, soko la kripto la Tokyo lililoanguka Februari 2014, walianza kurudishiwa sarafu Julai 2024, miaka kumi baadaye. Wa FTX walilipwa kwa hesabu ya bei za siku ile ya kufilisika. Usipange ada ya shule kwa pesa hiyo.

Na nyumba usiiguse. Unaandika "kuikopea nyumba" kama vile nyumba haina mama. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mwenzi hawezi kuuza wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Lakini iwe sheria au isiwe sheria, fikiria habari hiyo ikifika Ukerewe. Hapo ndipo ndoa itakufa kweli, na utakuwa umeiua wewe.

Kuna la kufanya, na nitakuambia kwa utaratibu wa kikwetu. Mtafute mshenga aliyekuposea. Kama ametangulia mbele ya haki, tafuta mzee wa upande wako ambaye wakwe wanamheshimu, si rafiki wa kijiweni. Mweleze yote, pamoja na ile miezi miwili na malipo ya linki. Usimpeleke mzee wa watu kutetea asichokijua.

Kisha chukua daftari la mistari. Ukurasa wa kwanza andika jina la mkeo na 4,200,000. Wa pili jina la shemeji na 2,500,000. Duka linaingiza kiasi gani kwa wiki unajua wewe, kata kiasi ambacho hata wiki mbaya utakiweza, hata kama ni elfu 30. Hata wiki ikiwa nzuri usiahidi kitu kikubwa, wameshachoka na ahadi kubwa. Ile simu nzuri uliyonayo, ninavyoona kwa namna unavyoandika juu ya masoko haya, si ya bei ndogo. Iuze, nunua ya kawaida, na tofauti yake iwe malipo ya kwanza ya shemeji. Yeye aanze, kwa sababu yeye hakuolewa na wewe, hana hata sababu ya kukuvumilia.

Panda meli ya Nansio, huko Ukerewe, ukiwa na mzee wako. Ukifika, msalimie mama mkwe kwanza kama inavyompasa mkwe, na usiseme neno "lakini". Mzee atatangulia kuzungumza. Zamu yako ikifika, taja ulichochukua, taja ulichoficha, taja siku ulizoficha. Usieleze jinsi soko lilivyoanguka, hawakulipa nauli ya kusikia habari za Bahamas. Mkeo asipotoka chumbani siku hiyo, usimwite. Waone wanao, mkabidhi shemeji pesa yake ya kwanza mbele ya mama yake, aandike mwenyewe kwenye daftari kwa kalamu yake, na daftari uliache hapo Ukerewe.

Wiki inayofuata utume ile elfu 30, na inayofuata, na inayofuata, hata akiwa hapokei simu.