Jibu: Jebel Shams kwa mtu wa pwani

Ndugu wa Malindi umeuliza kama uupande mlima wa Jebel Shams ukishafika Oman kazini, na kama kuizoea Nyari, lile korongo la Marafa, kutakusaidia. Mimi ni wa Lamu, mlima wangu wa kwanza ni vilima vya mchanga vya Shela. Nilipofanya kazi Muscat nikawa nakwenda huko siku za mapumziko.

Marafa haitakusaidia sana. Kule ni udongo na mchanga laini, mvua inaula kila msimu. Jebel Shams ni mawe ya chokaa yaliyojengeka chini ya bahari, na ukitazama vizuri utaona makombe yamegandia mwambani. Ni jamaa ya mawe ya matumbawe tuliyojengea nyumba za Mkomani, ila haya yamesukumwa juu hadi yakapita mita 3,000. Upande mmoja mlima umekatika wima, kama mita 1,000 mpaka chini kwenye korongo la Wadi Nakhr.

Kilele kikuu sahau, kina wanajeshi. Watu huishia kilele cha kusini, mita 2,997, kwa njia ya miguu iitwayo W4, nayo inakula siku nzima. Kusema kweli jasho lake ni jingi kuliko mandhari yake. Nenda njia ya W6.

W6 inaanzia Al Khitaym na kufuata ukingo katikati ya ukuta huo wa mwamba hadi As Sab, kijiji kilichohamwa. Nyumba zimejibana chini ya mwamba uliozifunika, na matuta ya mashamba yangali yanaonekana pembeni mwa korongo. Watu walilima pale! Maji yao yalikuwa yale yanayovuja mwambani. Njia yenyewe si nyembamba sana, lakini uzio hakuna, kwa hiyo picha piga umesimama. Alama ni rangi ya njano, nyeupe na nyekundu iliyopakwa mawe.

Beba lita tatu za maji, duka njiani hakuna. Chakula kifunge vizuri, mbuzi wa huko hawana haya hata kidogo.

Ukifika Agosti, subiri joto lipungue hadi Novemba. Usiku wa Desemba au Januari baridi hukaribia nyuzi 0, basi usichukue kikoi ukadhani ni blanketi. Gari liwe la kuvuta magurudumu yote manne, maana barabara ya juu ina kipande kibovu, na mawingu yakitanda usiteremke kwenye wadi, yaani bonde la mto mkavu: mafuriko hufika hata pale mvua isiponyesha. Ukikwama mjini Nizwa, wajaribu wazee kwa Kiswahili. Wako waliokulia Unguja.