Kabla ya kutia pesa kwenye kiwanda cha betri, uliza betri zilizorudi

Nina hisa chache katika karakana moja ya Changamwe inayounda betri za tuktuk na bodaboda za umeme. Seli zinakuja na meli kutoka China. Hapa zinapimwa, zinapangwa, zinachomelewa na kufungwa kwenye kasha. Sasa karakana inataka kuzalisha mara nne zaidi na inatafuta wenye mtaji, ndiyo maana simu yangu hainyamazi.

Kila anayeuliza huanza na oda. Oda wacha kwanza. Omba daftari la betri zilizorudishwa na wateja, na la zile zilizokataliwa kabla hazijatoka mlangoni. Betri ya volti 51.2 ni seli 16 za lithiamu na fosfati ya chuma, kila moja volti 3.2, zimeunganishwa kwa kufuatana. Moja ikiwa dhaifu, ikiishiwa chaji tu, saketi ya kinga iliyo ndani inazima betri nzima, hata kama zile 15 bado zina chaji. Fundi mzoefu, asiye na haraka, huikamata mapema. Lakini leta vibarua wapya, weka na zamu ya usiku, halafu lifungue tena lile daftari.

Northvolt, kampuni ya kuunda betri ya Sweden, ilikuwa na mabilioni ya dola na oda za kutosha. Uzalishaji ukachelewa, BMW ikafuta mkataba wa euro bilioni 2 mwaka 2024, na Machi 2025 kampuni ikafilisika.

Kuna na pesa inayolala baharini. Seli hulipiwa kabla ya kupakiwa. Kisha safari, forodha, kazi ya karakana, na mnunuzi naye anaomba muda wa kulipa. Ukizidisha kontena mara nne, na pesa iliyolala imezidi vivyo hivyo. Kiwanda kinaonyesha faida kwenye hesabu, mishahara hakuna. Kwa hiyo mimi hutoa pesa kwa awamu: kwanza mashine za kupimia, nyingine baadaye, betri zinazorudi zikibaki chache.

Na betri zikifa zinakwenda wapi? Sisi wa Mombasa tunaijua Owino Uhuru, ambako madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu yaliwadhuru wakazi. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawarudishia fidia ya shilingi bilioni 1.3. Hizi zetu hazina risasi, lakini si za kutupwa jaani. Kwa sasa zimerundikwa nyuma ya karakana, na kwenye mkutano ujao nitaliuliza tena.