Programu inasema kifaa kimekufa, wateja wanaperuzi

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu zile rangi za kijani na nyekundu kwenye programu za kusimamia mtandao. Kabla ya kupanda juu ya paa, jiulize kwanza: hii programu imekiuliza kifaa kitu gani, na kwa njia ipi? Rangi ni jibu la swali hilo tu.

Shikamoo fundi. Nauza Wi-Fi ya vocha hapa Mwanjelwa. Vocha zinatoka kwenye ruta ya MikroTik, na juu nina vifaa vinne vya UniFi vya kurusha Wi-Fi. Tangu umeme ukatike juzi, programu kwenye kompyuta yangu inaonyesha vyote vinne haviko hewani, lakini wateja wanaperuzi kama kawaida. Nimezima na kuwasha mpaka nimechoka.

Marahaba. Acha kuzima, unawasumbua wateja bure. Kifaa cha UniFi kikishapokea mipangilio yake kinaendelea kugawa mtandao hata kompyuta yako ikiwa imezimwa. Ila kila baada ya muda mfupi hupiga hodi kwenye kompyuta hiyo, poti 8080 (mlango wa mawasiliano wenye namba hiyo), kutoa taarifa kwamba kipo. Umeme ulipokatika, huenda ruta iligawa anwani za mtandao upya: kompyuta iliyokuwa 192.168.88.20 sasa ni 192.168.88.35, na vifaa bado vinapiga hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Irudishie kompyuta anwani yake ya zamani, kisha ifunge hapo hapo kwenye ruta ili isibadilike tena. Kama anwani haijabadilika, tazama Windows. Ikiuhesabu mtandao wako kuwa wa umma, fayawoli yake (ukuta wa ulinzi) inaweza kuizuia poti hiyo. Uweke kuwa mtandao binafsi, au ruhusu poti 8080. Ukiona bado, ingia ndani ya kifaa kwa SSH (njia ya kukiandikia amri kutoka kwenye kompyuta) ukielekeze upya kwenye kompyuta yako kwa amri ya set-inform. Kufuta kila kitu na kuanza upya, kama mafundi wengi wanavyokimbilia, iwe hatua ya mwisho kabisa.

Kaka, kiungo chetu cha redio cha kuelekea Tukuyu kinakuwa chekundu, kijani, chekundu, hasa usiku wa mvua. Mvua ndiyo inakata?

Kama redio zenu ni za 5 GHz, mvua yenyewe hupunguza nguvu kidogo sana. Maji yaliyoingia kwenye kebo au kiunganishi ndiyo adui, na kwa mvua za Tukuyu hayo si ajabu. Ingia kwenye redio uangalie imewaka kwa muda gani. Ikiwa hesabu imeanza upya, redio ilizimika, basi fuata umeme na kebo. Ikiwa hesabu inaendelea lakini nguvu ya mawimbi ilishuka, kagua antena na njia yake. Vyote vikiwa sawa, programu yenu ina haraka: inakosa jibu la ping moja tu (hodi fupi ya kuuliza kama kifaa kipo), tayari imetangaza msiba. Iambie ingoje ikose mara tatu mfululizo.

Mwalimu wa kompyuta, Njombe: Swichi ya mtandao inajibu ping, lakini programu inasema haipatikani.

Mwalimu, inaelekea programu haitumii ping hapo, inatumia SNMP (njia ya kukiuliza kifaa hali yake), poti 161 ya UDP. Neno la siri la SNMP (community) mliloandika kwenye programu lisipofanana na la kwenye swichi, swichi hainung'uniki, inanyamaza tu. Kwa programu, ukimya huo ni sawa na kifo. Linganisheni herufi kwa herufi, kubwa na ndogo, halafu angalieni kama swichi imeruhusu anwani ya seva yenu (kompyuta yenye programu hiyo).

Kompyuta ya mapokezi kwenye hoteli yetu Iringa mjini inaandika "hakuna intaneti", na WhatsApp inafanya kazi.

Windows hupima intaneti kwa kufungua ukurasa mdogo wa msftconnecttest.com. Chujio la ruta yenu likiuzuia, alama hiyo haiondoki. Uruhusuni.

Mafinga: Programu inaandika kwamba mtandao hukatika saa nane usiku. Mlinzi anaapa ni saa kumi na moja alfajiri.

Mlinzi yuko sahihi. Seva iko kwenye saa ya UTC (saa ya kimataifa), nyuma yetu kwa saa tatu. Kwenye mipangilio ya saa ya seva chagua Africa/Dar_es_Salaam kisha anzisha programu upya. Halafu muulize huyo huyo mlinzi nani huchomoa nini saa hiyo.