Nyanya za shemeji zinanyauka zikiwa kijani, nimtumie dawa gani?

SWALI: Mambo dada wa shamba. Mimi naishi Umoja hapa Nairobi lakini nimeoa Unguja, na shemeji yangu kule amelima nyanya kama robo eka. Masika imeingia, usiku mvua mchana jua kali, sasa miti ilioanza kuzaa inaenda mmoja mmoja, asubuhi uko fiti, saa saba umelala kama umemwagiwa maji moto, jioni unajifanya kuamka, siku ya tatu umekufa na majani bado kijani. Nikaenda agrovet hapa tao wakasema ni blaiti, wakaniuzia mancozeb, dawa ya kuvu, nikaituma na basi, amepiga mara tatu na wapi. Nimtumie gani ingine?

JIBU: Usitume kitu, kaka. Huyo wa agrovet alikujibu hali ya hewa ya Kinangop, kule kwetu kwa baridi. Blaiti chelewa, ile tunaipigia dawa huku kila wiki, inataka baridi na unyevu, na Unguja hio baridi wataitoa wapi? Tena blaiti inaanza na madoa kwa majani, hailazi mti mzima ukiwa kijani hivyo.

Mwambie shemeji ang'oe mti ulionyauka leo, sio uliokauka, akate shina karibu na udongo, kipande kama urefu wa kidole, akishikilie kwa glasi ya maji safi, ncha ya chini tu ndio iguse maji, na asitikise. Angoje dakika tano hivi. Akiona uzi mweupe kama maziwa unateremka polepole, yani kama moshi wa udi uliogeuzwa ukaenda chini, basi hio ni mnyauko wa bakteria. Kama maji yamebaki safi, halafu ndani ya shina kuna kahawia na majani ya chini yalianza kuwa manjano upande mmoja, hio ni fusari, ambayo ni kuvu, na nayo pia inakaa kwa udongo.

Lakini vile umeeleza, mimi naona bakteria. Na ikiwa ni hio hakuna dawa ya kupiga, hata akuuzie nani. Inaingia kwa mizizi inaziba mishipa ya maji, ndio maana mti unakufa kiu ukiwa umesimama kwa tope, na joto la 30 hivi na udongo uliolowa ndio sherehe yake. Mimi niliipata kwa grinhausi, nikauziwa chupa tatu tofauti kabla mtu anionyeshe hii ya glasi, nilichovuna hakikujaza hata kreti.

Kwa hivyo ang'oe iliyougua pamoja na udongo wa mizizi, atie kwa gunia moja kwa moja, asiburute shambani, asitupe kwa mtaro, akachome. Jembe na kisu aoshe na jiki. Maji yasitiririke kutoka mstari mgonjwa kwenda mzima, hapo ndio wengi hujimaliza. Msimu ujao asirudishe nyanya hapo, wala biringani, pilipili au viazi, hio yote ni familia moja. Apande mahindi au mtama, na sio msimu mmoja, bakteria hawa wana subira kuliko sisi.

Kama shamba ni hilo hilo tu, kuna kuunganisha mche juu ya mizizi ya mmea mwingine. World Vegetable Center, kituo cha utafiti wa mboga ambao makao yao ni Taiwan, kisiwa cha joto na mvua pia, wanaunganisha nyanya juu ya shina la biringani inayostahimili, kama ile EG203, na hio mizizi inavumilia pia maji yakituama. Wana ofisi Arusha, shemeji aulizie huko, biringani ya sokoni haitamsaidia. Na ningekuwa yeye, ningeinua matuta kabisa na kupanda masika ikiisha, mwezi wa 6 hivi. Ila kukikauka inzi weupe wanakuja na ile virusi ya kukunja majani, wakulima wa Tanzania wanaiita rasta, basi miche aikuze chini ya neti.

Mancozeb iliyobaki asimwage. Kukiwa na madoa ya duara ndani ya duara kwa majani ya chini, hio ni blaiti tangulia, yenyewe joto haliiogopi, na hapo itamfaa. Afanye ya glasi kesho, apige picha ya maji, unitumie.