Foklifti ya kusimama sio kama ile ya kukaa, mguu weka ndani

Vijana wengi tukifika huku Marekani, uwe Mbongo, Mkenya au Mkongo, kazi ya kwanza ni godauni, unabeba maboksi miezi kadhaa halafu siku moja supavaiza anauliza nani anataka kujifunza foklifti, ile mashine ya kuinulia mizigo, mikono yote juu maana hela inaongezeka na mgongo unapumzika. Nenda tu. Ila kama ni ile ya kusimama, ile fupi ya kwenye njia nyembamba za raki ndefu, yaani mashelfu ya kupangia mizigo, usijidanganye eti ulishaendesha ya kukaa bandarini Dar au Mombasa kwahiyo unajua, hii ni habari nyingine.

Kwanza pedali. Kwenye gari ukikanyaga breki linasimama, ila nyingi ya hizi mashine ni kinyume, unakanyaga muda wote ndio itembee, ukiinua mguu breki inashika. Sasa mgeni akishtuka anakandamiza kwa nguvu kama alivyozoea na mashine inaendelea na safari zake. Mwendo unapunguza kwa kurudisha hendeli, ile ya mkononi ya kuendeshea, upande wa pili, mota yenyewe inavuta taratibu. Omba sehemu wazi, bila mzigo, fanya mpaka mguu uzoee.

Halafu mguu wa kushoto, hapa ndio nataka tuelewane. Nyuma kunakuwa wazi, hakuna mlango, na sisi tuna kale katabia ka kusimama kama konda wa daladala, mguu mmoja ndani mmoja unaning'inia. Achana nako kabisa. Unarudi nyuma umegeuza shingo, kisigino kimetoka kidogo tu, ukigusa nguzo ya raki huo mguu ndio bampa, na mashine na betri yake ni maelfu ya kilo. Kuna jamaa wa shifti yetu alikuwa anausogelea ukuta polepole kabisa, akatoa mguu eti auzuie usigonge, bahati yake alivaa viatu vya chuma, akaishia kuchechemea wiki nzima. Acha igonge bwana! Ukuta utapakwa rangi.

Kingine kinachoua watu ni boriti ya raki iliyo usawa wa kiuno au kifua, ukirudi nyuma bila kuangalia mashine inapita chini yake, wewe hupiti. Angalia nyuma KABLA hujagusa hendeli, sio ukiwa tayari unatembea.

Ikianza kupinduka je? Ya kukaa unabaki ndani na mkanda wako, unashika usukani kwa nguvu na kuegemea upande ambao haianguki. Ya kusimama ambayo unaingilia nyuma ni tofauti, OSHA, wale wa serikali wa usalama kazini, wanasema toka kinyumenyume, piga hatua nyuma uondoke. Usirukie pembeni, huko ndiko inakoangukia.

Mengine mnayajua, uma, yale meno mawili ya kubebea mzigo, chini inchi 4 hadi 6 ukitembea, honi kwenye kila kona, mtu asipite chini ya uma ulioinuliwa hata kama ni bosi. Ila kibao cha uwezo wa mashine kisome vizuri, ile namba kubwa kwa kawaida ni ya mzigo ambao katikati ya uzito wake iko inchi 24 kutoka mgongo wa uma, pale uma unapopanda wima, paleti ikiwa ndefu kuliko kawaida au ukiipandisha juu sana uwezo unashuka, na huko juu ndiko watu wanakolazimisha.

Mwisho hizi kadi zinazouzwa mtandaoni, unaangalia video saa moja unapewa cheti. Peke yake haitoshi kisheria, mwajiri wako ndio anatakiwa ahakikishe umefundishwa kwa vitendo na kupimwa kwenye aina ya mashine utakayoendesha, halafu unapimwa tena angalau kila miaka 3, na chini ya miaka 18 huruhusiwi kwenye hizi kazi za godauni. Kwahiyo akikwambia panda tu utajifunza hukohuko, mwambie unataka mafunzo kwanza, na hiyo hela ya kadi kanunulie viatu.