Tia Mkono Ndani ya Robota

Wewe unayeanza kufuga, acha nianze na kosa langu mwenyewe. Msimu wa kwanza nilifyeka nyasi, nikazianika siku mbili, nikazigusa kwa juu: kavu, zinakwaruza. Nikafunga marobota, nikayapanga ghalani mpaka juu. Siku ya sita nikasikia harufu tamutamu, kama tumbaku. Nikatumbukiza mkono katikati ya robota moja na kuuchomoa haraka. Mle ndani mlikuwa moto kuliko maji ya kuoga.

Tuliyatoa yote nje. Katikati yalikuwa ya kahawia, yamepakwa ukungu mweupe. Na bado ilikuwa bahati. Nyasi zikifungwa na unyevu unaozidi asilimia 20, vijidudu huendelea kufanya kazi na joto hupanda. Mwishowe robota huweza kuwaka lenyewe, bila kiberiti. Wiki sita za kwanza ndizo za kuangalia sana. Joto likifika nyuzi 70, usiyavute marobota kama nilivyofanya mimi, maana hewa ikiingia ghafla inaweza kuwasha moto. Waite zimamoto kwanza.

Kilichonidanganya ni majani. Majani hukauka mapema, vifundo vya shina hubaki na maji. Siku hizi nakatakata nyasi kidogo, natia kwenye chupa kavu ya mdomo mpana pamoja na kijiko cha chumvi kavu, natikisa dakika mbili tatu. Chumvi ikigandana, nageuza nyasi juani na kusubiri kesho. Ikibaki chengachenga, nafunga. Ghalani marobota yanakaa juu ya mbao, si sakafuni, na yanaachiwa nafasi ya kupitisha hewa.

Utashauriwa ubandue sehemu yenye ukungu, kilichobaki ulishe. Usikubali. Sumu ya kuvu haionekani kwa macho. Ya aflatoksini ng'ombe akiila hupita hadi kwenye maziwa, na kuyachemsha hakuiondoi. Wewe mwenyewe ukishika nyasi za hivyo funika pua na mdomo, vumbi lake huharibu mapafu.

Saileji, yaani majani mabichi yanayovundikwa bila hewa ili yakae muda mrefu, ina adui mwingine: hewa. Katakata fupi, sentimita mbili tatu, shindilia mpaka kisigino kisididimie, funika siku hiyohiyo, usifungue kabla ya wiki tatu. Iliyoiva hunuka uchachu safi. Ikinuka siagi iliyooza, kuna kasoro. Kuwa mwangalifu udongo usiingie, maana huja na listeria, bakteria waletao ugonjwa. Nimewahi kukuta panya aliyekufa ndani ya shimo, nikatupa saileji yote iliyomzunguka, kwa sababu mzoga huzalisha sumu ya botulizimu. Jirani aliniona mbadhirifu. Sawa tu.

Mtama nao uuogope. Usiofika kiunoni, na hasa machipukizi ya mvua ya kwanza baada ya ukame, hubeba sumu ya sianidi inayoweza kumwangusha ng'ombe ndani ya dakika chache. Kukausha vizuri hupunguza sianidi, ila naitreti, sumu nyingine ambayo nayo hujaa kwenye mimea iliyopata ukame, hubaki palepale hata kwenye nyasi kavu. Ukiwa na shaka, peleka sampuli ipimwe kabla ya kulisha.

Chakula kipya kiingize polepole, siku saba hadi kumi na nne, maana tumbo la ng'ombe lina vijidudu vyake vinavyohitaji kuzoea. Alfalfa (lusini) mbichi yenye umande usimpe aliyeamka na njaa. Mtangulizie nyasi kavu, la sivyo tumbo litajaa gesi na utamwona ubavu wa kushoto umevimba kama ngoma. Hapo ni daktari wa mifugo, upesi.

Halafu kamba. Kipande cha kamba au waya kikimezwa hakirudi. Robota langu lina kamba mbili, kwa hiyo sitoki zizini mpaka nizione zote mbili mkononi.